Shairi Linaloonekana: Kuwafundisha Watoto Kutunga kwa Umbo

Somo la shairi la umbo huharibika mapema. Mwalimu anachora samaki ubaoni, anawaambia watoto wamnakili, kisha wajaze tumbo lake kwa maneno yoyote yanayomhusu samaki. Kipindi kikiisha madaftari yanakusanywa yakiwa na samaki 40 wanaofanana, kila mmoja ameshindiliwa maneno: samaki anaogelea, samaki ni mtamu, samaki anaishi majini. Neno likigota kwenye mkia linakatwa katikati na kipande chake kinarukia mstari wa chini. Picha inapendeza ukutani. Shairi halimo.

Watoto hawana kosa. Waliambiwa wachore kwanza na kuwaza baadaye, wakatii. Njia inayotetewa katika sura hii ni ya kinyume: maneno yatangulie, yahesabiwe, yakatwe kwa makusudi, na umbo litokane na kile shairi linachosema. Mtoto anayesoma kwa Kiswahili ana bahati katika kazi hii, maana chombo kikuu kinachohitajika, yaani mizani, anacho tayari mikononi.

Kabla ya kuingia darasani, inafaa mwalimu atazame shairi moja lenye umri wa karibu miaka 400. George Herbert alikuwa kasisi wa kijiji cha Bemerton, karibu na mji wa Salisbury, Uingereza. Alifariki mwaka 1633, na mwaka huohuo diwani yake, The Temple, ikachapishwa. Ndani yake mna "Easter Wings", shairi la mabawa lenye beti mbili. Kila ubeti una mishororo 10. Wa kwanza una silabi 10, wa pili 8, unaofuata 6, kisha 4, kisha 2. Hapo mishororo inageuka na kuanza kurefuka tena, 2, 4, 6, 8, mpaka 10. Wachapaji wa kwanza walizilaza beti hizo ubavu kwenye kurasa mbili zinazotazamana, ili msomaji akifungua kitabu aone mabawa yametanda.

Pa kutazama kwa makini ni katikati, mishororo inapokonda. Herbert anaanza na mwanadamu aliyeumbwa akiwa na utajiri tele, akaupoteza kidogo kidogo, na kadiri anavyofukarika ndivyo mshororo unavyofupika. Anapokuwa fukara kabisa, mshororo umebaki na silabi 2 tu. Kisha anaomba ainuliwe, na mishororo inapanuka pamoja naye. Mtu akiliandika shairi hilo kwa mistari iliyolingana, atakuwa ameliondolea sehemu ya maana yake, kwa sababu urefu wa kila mstari ulikuwa unasema jambo.

Swali la kumuuliza kila mtoto, basi, ni hili: umbo lako linafanya kazi gani? Samaki wale 40 hawana jibu.

Herbert mwenyewe alikuwa akifuata njia ya zamani. Karibu mwaka 300 kabla ya Kristo, Simmias wa kisiwa cha Rhodes alitunga kwa Kigiriki mashairi yenye maumbo ya shoka, mabawa na yai. La yai lina mchezo unaoweza kuchezwa darasani hata leo: husomwa kutoka nje kwenda ndani, mshororo wa kwanza, kisha wa mwisho, wa pili, kisha wa pili kutoka mwisho, hadi msomaji afike kwenye kiini. Mwaka 1865 Lewis Carroll aliyapanga maneno ya panya yakajikunja kama mkia, katika kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili walikipata mwaka 1940 kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu. Na mwaka 1918 Guillaume Apollinaire, mshairi wa Ufaransa aliyejeruhiwa kichwani vitani miaka miwili kabla, alichapisha Calligrammes, miezi michache kabla hajafariki. Shairi lake la mvua ni mistari mitano inayoteremka kwenye ukurasa kwa mshazari, herufi moja chini ya nyingine. Jicho linalazimika kushuka pamoja na matone. Mtoto wa darasa la pili akionyeshwa ukurasa huo, hata bila kujua neno moja la Kifaransa, atasema ni mvua.

Walimu wengi wa Kiswahili husita wanapofika hapa. Walifundishwa kwamba shairi ni vina na mizani, na msimamo huo una wazee wake wa kuheshimiwa. Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziweka kanuni hizo wazi katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu kilichotoka mwaka 1954, na ushairi mwingi unaofundishwa shuleni bado unapita katika mlango huo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, chenye mashairi yasiyofungwa na vina wala urari wa mizani, yalizuka mabishano makali ambayo mwangwi wake haujaisha. Nchini Kenya, Kithaka wa Mberia alikwenda hatua zaidi: katika diwani zake, zikiwemo Mchezo wa Karata ya mwaka 1997 na Bara Jingine ya mwaka 2001, mpangilio wa maneno kwenye ukurasa umepewa kazi ya kubeba maana.

Lakini jicho lilikuwa na nafasi yake katika ushairi wa Kiswahili hata kabla ya hao. Shairi la mizani 16 likiandikwa husimama kwa safu mbili, ukwapi na utao, mizani 8 huku na 8 kule, na uwazi katikati. Msuko hutambulika kabla haujasomwa, maana mshororo wake wa mwisho ni mfupi kuliko wenzake. Kule Lamu, Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi hodari wa hati za Kiarabu na mchongaji wa mbao, yote kwa pamoja. Tenzi alizonakili kwa mkono wake zilinunuliwa na wataalamu wa Kizungu, na nyingine zimehifadhiwa London hadi leo. Mtu wa namna hiyo asingeona ajabu kuambiwa kwamba sura ya shairi kwenye karatasi ni sehemu ya kazi ya mshairi.

Kwa hiyo hofu kwamba mashairi ya umbo yatawafanya watoto wadharau mizani haina msingi. Kinyume chake ndicho hutokea. Katika shairi la kawaida mtoto akizidisha silabi moja huenda asijue mpaka mwalimu amwambie. Katika shairi la umbo kosa linajionyesha lenyewe: mlima unapinda, ngazi inakosa kidato.

Vifaa ni vichache. Daftari la hesabu, lile lenye miraba, linafaa kuliko karatasi nyeupe. Kila mraba unapokea silabi moja. Kabla ya kuandika, watoto wanapiga makofi: mi-go-mba, makofi matatu, m-tu, makofi mawili, kwa kuwa m hapo inasimama yenyewe. Ziada ni penseli na kifutio, na kifutio ndicho kitakachochakaa kwanza.

Tuseme darasa liko Marangu, ambako Kilimanjaro huonekana asubuhi kabla ya mawingu kuufunika. Mwalimu hachori mlima. Anawatoa watoto nje, wanatazama, wanarudi na orodha ya vitu walivyoviona na wanavyovijua, na neno "nzuri" limepigwa marufuku kwa saa hiyo. Wanapata jua, theluji, wingu, migomba, kahawa, moshi wa jikoni. Ndipo wanapoelezwa kanuni: mshororo wa juu silabi 2, na kila mshororo unaofuata uongeze 2, moja kushoto na moja kulia. Ongezeko la namba shufwa lina sababu yake. Likiwa la silabi moja, mlima utaegemea upande mmoja kwenye miraba. Na kilele cha silabi moja ni kigumu, kwa kuwa maneno ya Kiswahili ya silabi moja ni machache na mengi ni viunganishi.

Huu hapa mfano uliotungwa kwa ajili ya sura hii, kwa kanuni hiyohiyo:

                    Jua
                lachomoza
              theluji yameta
           wingu lashika kiuno
        hapa chini migomba yapunga
      bibi jikoni anapika kahawa

Hesabu ni 2, 4, 6, 8, 10, 12. Mshororo wa nne ndio uliokuwa na kazi. Ulipokuja mara ya kwanza ulisema "mawingu yameshika kiuno chake", mizani 12 mahali penye nafasi ya 8. Kufuta "chake" kulibakiza 10. Kugeuza mawingu yawe wingu moja, na "yameshika" iwe "lashika", kukaleta 8 kamili. Hapo mtunzi amefanya mambo matatu ambayo somo la insha hupata shida kuyafundisha: ametupa neno lisilohitajika, amechagua umoja badala ya wingi, na ameona kwamba wingu moja lililoshika kiuno cha mlima linaonekana vizuri zaidi kuliko mawingu mengi. Hakuna aliyemhubiria kuhusu kuandika kwa ufupi. Miraba ilikwisha.

Na umbo lina kazi. Jicho linaanza kwenye jua, linashuka theluji, wingu, migomba, mpaka jikoni kwa bibi, na mstari mpana kuliko yote ndio wenye mtu ndani. Shairi hilihili likipinduliwa, bibi akakaa juu na jua likawa chini, litakuwa shairi jingine. Mwalimu awape watoto nafasi ya kulipindua wajionee.

Kiswahili kina msaada mwingine ambao Herbert hakuwa nao. Kitenzi chake hukua. Mzizi mmoja hupokea viambishi mbele na nyuma, ukarefuka silabi baada ya silabi bila kuongeza neno la pili. Ngazi inajijenga yenyewe:

pika
pikia
pikiana
hupikiana
tulipikiana
hatutapikiana

Silabi 2, 3, 4, 5, 6, 7, na kila kidato kinatokana na kilichotangulia. Mwanzoni hili ni zoezi la sarufi tu, la kauli ya kutendea na ya kutendana, ambalo darasani hukaririwa kwa jedwali. Lakini soma tena kutoka juu. Kuna mtu anapika, kisha anampikia mwingine, kisha wanapikiana, inakuwa desturi, desturi inakuwa jambo la jana, halafu mlango unafungwa. Majirani wawili wamegombana na hakuna aliyetajwa. Mtoto akipewa "andika", "cheka" au "piga" na kuulizwa ngazi yake iishie wapi, atafikiria nyakati, ukanushi na uhusiano wa watu wawili kwa dakika nyingi kuliko jedwali lolote lingemfanya afikirie. Walimu wa sarufi na walimu wa fasihi wangeweza kugawana kipindi hiki.

Madarasa ya chini hayahitaji mlima wala ngazi. Kwao neno moja linatosha, mradi liandikwe jinsi linavyotenda. "Teremka" inashuka silabi moja moja. "Konokono" inajizungusha kuanzia katikati. "Nong'ona" inaandikwa kwa herufi ndogo sana pembeni mwa ukurasa, na "radi" inapasua ukurasa toka pembe hadi pembe. Mtoto wa miaka 7 akimaliza kuandika "konokono" kwa mzunguko, huwa amezitambua silabi zake nne bila kuulizwa.

Wa madarasa ya juu wanaweza kuonyeshwa walichofanya Wajerumani na Waswisi katikati ya karne ya 20. Eugen Gomringer, aliyezaliwa Bolivia mwaka 1925 na kuandikia Uswisi, alilirudia neno lenye maana ya kunyamaza mara 14 kwenye mistari mitano, akaacha pengo katikati ya mstari wa tatu. Ukimya wenyewe umo katika lile pengo. Mwaka 1965 Reinhard Döhl wa Ujerumani alijaza umbo la tofaa kwa neno "tofaa" likirudiwa tena na tena, na mahali pamoja tu akaficha neno la mdudu. Msomaji asiyetazama kwa makini anampita. Mtoto wa Muheza, mji unaojulikana kwa machungwa, anaweza kufanya vivyo hivyo kwa chungwa na funza. Zoezi hili lifanyike mara moja lisirudiwe. Likishazoeleka linawarudisha watoto kwenye kujaza picha, na darasa linakuwa limerejea kwa wale samaki.

Lipo umbo jingine ambalo halikutoka Ulaya. Khanga ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na chini ya mji kuna jina lake, yale maneno machache yanayosemwa na nguo kwa niaba ya aliyeivaa. Watoto wa pwani na wa bara wameiona tangu wakiwa mgongoni mwa mama. Ni shairi la umbo lililokamilika, na mwalimu anaweza kulipeleka darasani kesho kwa kutandika khanga moja mezani.

Zoezi lake ni gumu kuliko linavyoonekana. Pindo linataka maneno yanayojirudia bila kuchosha, kwa hiyo mtoto hutafuta sauti kabla ya maana: mawimbi, nyayo, matone, kengele ya shule. Mji unataka jambo moja tu, kubwa, liwekwe peke yake. Na jina lazima liwe fupi, liweze kumgusa mtu bila kumtaja. Watoto hupenda kuanza na jina kwa sababu ndilo lenye vijembe. Afadhali waanze na mji, wajue kwanza wanazungumzia nini. Jina litungwe mwisho, na kama linaweza kukaa kwenye khanga nyingine yoyote, halijatosha. Khanga huuzwa kwa doti, vipande viwili, kwa hiyo watoto wawili wanaweza kutunga doti moja: pindo lilelile, mji uleule, lakini kila mmoja na jina lake. Hapo ndipo darasa litakapogundua kwamba maneno matano yakibadilika, picha nzima inabadilika.

Kuna kipimo kimoja kinachofaa katika mazoezi yote haya. Mtoto akiwa amechora mstari wa nje wa umbo lake kwa penseli, aufute. Kama mlima, bawa au ngazi bado inaonekana, maneno yameibeba. Kama imetoweka, ilikuwa imechorwa, haikuandikwa. Kipimo hiki kinawasaidia hasa watoto wasiojua kuchora, ambao kwa kawaida hujiona wameachwa nje siku ya somo hili, na kinawabana wale wenye mkono mzuri wa kuchora, ambao hujificha nyuma ya picha.

Baada ya hapo shairi lisomwe kwa sauti. Ushairi wa Kiswahili umeishi kwa kughaniwa, na kulitundika shairi ukutani bila kulisikia ni kulinyima nusu ya uhai wake. Darasa liamue pamoja: uwazi usomwe kwa pumzi ngapi, mistari inayopanuka isomwe na mtoto mmoja au sauti ziongezeke moja moja, herufi zinazodondoka ziharakishwe au zicheleweshwe. Shairi la mlima, kwa mfano, linaweza kuanzwa na msomaji mmoja na kumaliziwa na watu sita.

Kusahihisha ndiko kunakoharibu kazi nyingi nzuri. Kalamu nyekundu ikianza na usafi wa daftari, mtoto ataelewa kwamba alichotakiwa kufanya ni kupamba. Mwalimu asome kwanza, kisha aweke kidole kwenye mshororo mmoja na kuuliza: kwa nini umekatika hapa? Mtoto mwenye sababu, hata ikiwa dhaifu, amekwisha kuwa mtunzi. Asiye na sababu apewe nafasi ya kuukata mahali pengine na kulinganisha. Alama za usafi zinaweza kusubiri.

Tahadhari ya mwisho inawahusu wanaotengeneza majarida ya shule. Kompyuta hupenda kunyoosha mistari na kumeza nafasi, na shairi lililochukua wiki nzima hutoka likiwa aya moja iliyonyooka. Tumia aina ya herufi ambayo kila moja ina upana sawa, au piga picha ukurasa wa daftari na uuchapishe kama picha, ukiwa na mwandiko wa mtoto mwenyewe na alama za kifutio.

Na wanaoandaa mashindano ya mashairi shuleni wana jambo la kufanya. Mashindano mengi yana jukwaa la ngonjera na la kughani, na ni vizuri yaendelee. Waongeze na ukuta. Ubao wa matangazo, pini, na kurasa zilizotolewa kwenye daftari la hesabu zinatosha, na mtoto anayetetemeka mbele ya kipaza sauti atapata naye mahali pa kusomwa.